Kipimo kimoja kikitembea, kingine hakikai



Wengi wetu tukifika kwenye mazoezi ya derive ambamo vitu viwili vinabadilika pamoja, tunaweka kalamu chini. Lakini mambo haya tunayaona kila siku hapa Goma, kwenye maji. Basi sisi wa mwaka wa mwisho tumeona vema tuyaeleze mbele ya Egzameni ya Serikali.

Tuchukue tanki yenye kuta zilizonyooka, chini yake ni meta mraba 2. Bomba linajaza bidoni moja ya litre 20 kila dakika, ni kusema meta kibu 0,02. Gawanya kwa 2: maji yanapanda sentimeta 1 kila dakika, tangu mwanzo mpaka mwisho. Hapo hakuna shida.

Sasa tanki ingine: chini ina ncha, juu imefunguka, na nusu ya upana wa uso wa maji ni sawasawa na kimo chake, h. Bomba ni lile lile. Je, maji yatapanda namna moja? Hapana! Munajua V = πh³/3. V na h zote mbili zinafuata wakati t, kwa hiyo tunaderive pande zote kwa t:

dV/dt = πh² × dh/dt

Ile πh² ni uso wa maji wenyewe. Kimo kikiwa meta 0,5, uso ni 0,785, na maji yanapanda karibu sentimeta 2,5 kwa dakika. Kikiwa meta 1, uso ni 3,14, yanapanda milimeta 6 tu na kidogo. Kimo mara mbili, mwendo unagawanyika kwa 4.

Angalisho: musiweke h = 1 mbele ya kuderive. Namba isiyobadilika, derive yake ni sifuri, na zoezi linakufa palepale. Chora picha, andika fomula, derive, ndipo uweke namba.

Hii si ya ubao tu. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava la Nyiragongo lilitoka kwa nyufa za mlima, likaisha kwa muda usiofika saa moja, na watu walikufa. Anayechunga volkano anaona kimo cha lava ndani ya shimo. Lakini kinachoshukia vijiji ni kiasi cha lava. Meta 1 ikishuka kwenye uso mpana, imetoka lava nyingi kuliko meta 1 ya uso mwembamba. Kimo peke yake hakisemi yote, lazima kujua na umbo la shimo.

Zoezi: katika tanki ya ncha, kwa kimo gani maji yatapanda sentimeta 1 kwa dakika, kama katika tanki ya kwanza? Anayepata karibu sentimeta 80 amekwisha kuelewa. Asiyepata atukute kwenye masomo ya jioni, tutaanza tena pamoja.