Kiyoyozi Hiki Kilizaliwa na Gari?

Gisenyi ni mji mgumu kwa anayenunua gari la zamani lenye kiyoyozi. Tuko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Kivu linatuletea upepo wake, na mtu akishashusha kioo hakumbuki tena kubonyeza kitufe cha AC. Muuzaji akisema "hii ni ya kiwandani", anaaminiwa. Mnunuzi atakuja kujua alichokinunua siku atakapoteremka Bujumbura au Dar es Salaam, shati limemganda mgongoni.

Majuzi rafiki yangu aliniomba nimkagulie Mercedes-Benz 230E ya mwaka 1983, ya umbo la W123 lililozinduliwa 1976. Usukani uko kushoto, kama zinavyotaka barabara za Rwanda na Kongo, na gari lenyewe lilitoka Ubelgiji. Muuzaji alitaka nyongeza nono kwa ajili ya kiyoyozi. "Mzee, hii ni Benzi," akaniambia. "Benzi haiji bila AC."

Hapo ndipo wengi hunasa. Tangu enzi za Wabenzi tumezoea kudhani kwamba nyota ya kwenye boneti huja na starehe zote. Katika nchi za baridi za Ulaya kiyoyozi kilikuwa cha kulipia zaidi, na wateja wengi hawakuona sababu ya kukilipia. Hata Rolls-Royce Silver Shadow, iliyotoka mwaka 1965, ilisubiri hadi 1969 ndipo kila gari likawa nacho bila kuagizwa.

Viyoyozi vya magari haya, basi, vina asili tatu. Kuna kilichofungwa kiwandani gari likiundwa. Kuna kilichofungwa na wakala gari likiwa jipya, mara nyingi kisanduku kinachoning'inia chini ya dashibodi. Na kuna kilichofungwa gereji miaka mingi baadaye. Cha wakala kina heshima yake, lakini si cha kiwandani, na kinahitaji risiti au kitabu cha gari kukitolea ushahidi.

Mimi huanza na maandishi. W123 ina kibati kwenye chuma cha mbele, juu ya rejeta, chenye namba za vitu vilivyoagizwa pamoja na gari. Namba 580 ni kiyoyozi cha kawaida. 581 ni kile kinachojirekebisha chenyewe. Kibati cha gari lile hakikuwa na hata moja. Kibati huweza kuhamishwa kutoka gari jingine, kwa hiyo hakimalizi kesi. Lakini namba zikikosekana, mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa muuzaji.

Baada ya maandishi, bati. Kiwandani tundu hutobolewa kabla gari halijapakwa rangi, kwa hiyo ukingo wake ni laini, una rangi ileile, na paipu hupita kwenye raba iliyotengenezwa kwa tundu hilo hilo. Nilimulika tochi kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya abiria. Paipu mbili zilipita kwenye tundu lenye meno kama mkebe uliofunguliwa kwa kisu. Kutu ilishaanza kuula ukingo, na uwazi uliobaki ulikuwa umezibwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na gundi nyeusi. Kiwanda cha Sindelfingen, magari haya yalikoundwa, hakikuwa na stoo ya tyubu za baiskeli.

Kisha kompresa. Wengi husoma jina tu na kutoa hukumu. Ya gari lile iliandikwa Sanden, jina ambalo kampuni hiyo ya Japani ililichukua mwaka 1982. Kabla ya hapo iliitwa Sankyo. Ningelikuta jina la Sanden kwenye gari la 1978, ningejua kwamba kompresa si ya siku ya kwanza. Lakini ningejua hilo tu, kwa sababu kompresa huchakaa na kubadilishwa hata kwenye mfumo wa kiwandani. Wala jina geni si kosa: Silver Shadow nyingi ziliondoka Uingereza na kompresa ya General Motors ya Marekani.

Kwa hiyo tazama kinachoishikilia. Braketi ya kiwandani kwa kawaida ni ya kusubu, ina namba ya spea, na bolti zake huingia kwenye matundu ambayo injini ilitoka nayo. Ile niliyoiona ilikuwa bamba la chuma lililokatwa na kuchomelewa, na washa nne zilipangwa chini ya bolti moja ili mkanda unyooke. Ndani ya gari, waya mwekundu wa swichi ulikwenda moja kwa moja kwenye betri bila kupita kwenye fyuzi.

Kuna alama mbili zinazodanganya hata mafundi. Ya kwanza ni mahali. Ukikuta mtambo wa kupoza kwenye buti, usikimbilie kusema ni wa gereji. Packard ya Marekani, iliyotangulia kutoa kiyoyozi kwa magari yake ya 1940, iliuweka nyuma ya kiti cha nyuma, na aliyetaka kuuzima kabisa ilimbidi asimamishe injini na kuvua mkanda.

Ya pili ni gesi. Magari ya miaka ile yalitumia R-12, ambayo Itifaki ya Montreal ya 1987 iliiwekea mwisho kwa kuwa inatoboa tabaka la ozoni. Mengi yamehamishiwa R-134a, na midomo ya kujazia imebadilika kutoka ya kuskrubu hadi ya kupachika. Gesi mpya ni kama damu ya kuongezewa: haimbadilishii mtu wazazi. Ila nayo inaelekea mlangoni. Tarehe 15 Oktoba 2016, hapa hapa nchini, yalipitishwa Marekebisho ya Kigali ya kupunguza gesi za jamii yake, kwa sababu kwa miaka 100 kilo moja ya R-134a hupasha joto dunia kiasi cha kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi. Fundi anayetaka kuifungulia hewani ili "asafishe mfumo", mkatalie.

Kiyoyozi cha gereji kikifungwa vizuri kinapoza, na hakuna aibu kuwa nacho. Bei yake tu ndiyo iwe ya gereji. Muuzaji alipooneshwa kibati, tundu na zile washa nne, alinyamaza kidogo, kisha akataja bei nyingine. Rafiki yangu alilinunua gari lile kwa bei ya W123 isiyo na kiyoyozi, na kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa kuweka fyuzi.