Kidawida Hakiharibu Kiingereza

Wazazi wa Voi huniuliza mara kwa mara: nikimsemesha mtoto Kidawida nyumbani, Kiingereza chake hakitaharibika? Hakitaharibika.

Nyumba ya Voi mara nyingi huwa na lugha zaidi ya moja. Wazee wa Sagalla wanasema Kisaghala. Milima ya Taita ina Kidawida, yaani Kitaita, na lahaja zake. Taveta kuna Kitaveta, kilicho karibu zaidi na Kipare cha ng'ambo ya mpaka. Reli ilileta wageni mwishoni mwa karne ya 19, mashamba ya mkonge yakaongeza wengine, Wakamba na Wajaluo wakiwemo. Ndiyo maana watoto wa mtaa wa Kaloleni hucheza kwa Kiswahili, baba akapiga simu Mbololo kwa Kidawida, na Kiingereza kikabaki cha daftari. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671 katika kaunti yetu ya Taita-Taveta, lakini iliuliza kabila, si lugha inayosemwa nyumbani. Kukisia lugha ya mtoto kwa jina la ukoo wake ni kubahatisha.

Tangu 1979, Jim Cummins wa Kanada ametenganisha lugha ya maongezi na lugha ya masomo. Ya maongezi mtoto huidaka upesi, hata kwenye katuni. Ya masomo, yaani ya kueleza sababu, kulinganisha na kutetea hoja, huchukua miaka mitano au zaidi. Sera ya Kenya, tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, hutumia lugha ya eneo madarasa ya chini, ambayo mijini huwa Kiswahili. Kuanzia Gredi ya 4, masomo ni kwa Kiingereza.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mpe mtoto wa Gredi ya 4 aya ya Kiingereza kuhusu maji kugeuka mvuke. Huenda akaisoma mbio kama mtangazaji. Kisha mwambie akueleze, kwa lugha aitakayo, kwa nini nguo hukauka haraka Voi kuliko Wundanyi. Akieleza vizuri kwa Kidawida au Kiswahili, amepungukiwa msamiati wa Kiingereza tu, na mwalimu ataumaliza upungufu huo. Asipoweza kwa lugha yoyote, kumkataza Kidawida hakutamsaidia. Diski tuliyovishwa shingoni shuleni zamani kama adhabu ya kusema kilugha haikumfundisha mtu sarufi.

Huko Ife, Nigeria, mradi ulioanza 1970 ulifundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, na hawakuachwa nyuma katika Kiingereza. Lakini tusidanganyane: walikuwa na vitabu na mwalimu maalumu wa Kiingereza. Lugha ya nyumbani peke yake haitoshi.

Kwa hiyo mzazi, kama Kiingereza chako ni cha kubabaisha, usimlee mtoto nacho. Msimulie, mbishane, mwulize sababu kwa lugha unayoimudu, kisha mtafutie kitabu cha hadithi cha Kiingereza asome kila jioni.