Nani Huchagua Mahali pa Mbio za Magari?



Jioni moja katika darasa la kisomo hapa Sekei tulikuwa tunajifunza kusoma ramani. Mzee mmoja akaweka kidole juu ya barabara itokayo Namanga kuja Arusha. Akasema, "Mwalimu, zamani tulikuwa tunakesha barabarani tukingoja magari ya Safari. Sasa nasikia mbio zile ziko Naivasha. Nani alituondolea?"

Darasa likacheka. Lakini swali lenyewe ni zuri, nasi tuliahidi kulijibu gazetini.

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953. Wakati huo Kenya, Uganda na Tanganyika zote zilikuwa chini ya Waingereza, na mbio ziliandaliwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Magari yalipita katika nchi zote tatu, kwenye barabara zile zile za mabasi na ng'ombe. Mvua ikinyesha, matope yalikuwa ndiyo hakimu. Mwaka 1968 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Mwaka 1973 Safari iliingizwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia, na mshindi akawa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Lakini mwaka uliofuata, 1974, maneno "Afrika Mashariki" yaliondolewa katika jina la mbio hizo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983. Mbio zikabaki kwa majirani.

Hilo ni jibu la kwanza. Jibu la pili ni refu kidogo, maana hata Kenya nayo iliwahi kunyang'anywa.

Fikiria minada yetu ya mifugo. Kila kijiji kinataka siku yake ya mnada, lakini wiki ina siku saba tu, na wachuuzi ni wale wale. Lazima pawe na ratiba, na lazima pawe na mtu wa kuipanga. Mbio za magari za dunia ziko hivyo hivyo. Kipo chama cha dunia cha vyama vya magari, kiitwacho FIA, kilichoanzishwa mwaka 1904. Baraza lake ndilo hupitisha ratiba ya kila mwaka. Pembeni yake yapo makampuni yenye haki ya biashara, yaani haki ya kuuza picha za televisheni na matangazo. Makampuni hayo ndiyo huzungumza na nchi zinazoomba, na hapo ndipo habari ya fedha huanza.

Kampuni hupenda ratiba iwe ndefu. Kila mbio mpya huleta ada ya nchi mwenyeji na watazamaji wapya. Kwa hiyo mbio za Formula One, zile za magari ya chini yenye kiti kimoja, zilikuwa 7 tu mwaka 1950, lakini mwaka 2024 zilifika 24. Nazo mbio za barabarani, yaani rali, zilikuwa 14 katika ubingwa wa dunia mwaka 2025, baada ya Paraguay na Saudi Arabia kuongezwa. Lakini mafundi wanaosafiri na magari ni watu, nao wana watoto nyumbani. Wiki za mwaka haziongezeki. Mmoja akiingia, mara nyingi mwingine hutoka.

Basi huchagua vipi? Formula One hukimbizwa kwenye kiwanja maalumu, au katika mitaa ya mji iliyofungwa. Njia hiyo lazima ikaguliwe na FIA na kupewa daraja la kwanza. Wakaguzi hutazama kuta, upana wa njia, mahali pa gari kupunguza mwendo likiacha njia, chumba cha matibabu, na hata jinsi majeruhi atakavyofikishwa hospitali. Katika Afrika nzima, mbio hizo zilikimbizwa mara ya mwisho mwaka 1993, huko Kyalami, Afrika Kusini. Mwezi Desemba 2024 Rwanda ilitangaza mbele ya mkutano wa FIA mjini Kigali kwamba nayo inazitaka.

Rali haihitaji kiwanja. Huhitaji barabara zinazoweza kufungwa. Siku hizi magari hayakimbizwi tena kati ya watu maelfu ya kilomita kama alivyoona mzee wetu. Hukimbizwa vipande vipande, jumla yake kilomita mia tatu na kitu, kwa siku tatu au nne. Kipande kikifungwa, hapiti mtu wala mbuzi.

Kenya iliondolewa baada ya mbio za mwaka 2002. Fedha zilipungua na maandalizi yalilegea. Ili kurudi, ilibidi serikali yenyewe itie fedha, na mwaka 2019 zikafanyika mbio za majaribio mbele ya wakaguzi. Safari ikarudishwa kwenye ratiba ya mwaka 2020, ugonjwa wa korona ukaizuia, ikakimbizwa mwaka 2021. Tena angalia walipoipeleka: Naivasha, penye mashamba makubwa ya mifugo na hifadhi za wanyama. Nyumba ni chache na njia hufungika kwa urahisi.

Tusidhani kwamba kila anayepata hufaidika. Korea ya Kusini ilijenga kiwanja kikubwa Yeongam. Mkataba ulikuwa wa miaka saba, lakini mbio zilikimbizwa miaka minne tu, 2010 hadi 2013. Vietnam ilijenga njia mjini Hanoi kwa ajili ya mwaka 2020. Korona ikaingia, na mpaka leo hazijakimbizwa mbio za Formula One hapo hata mara moja.

Sasa turudi kwetu. Tanzania ina mbio zake za magari, ambazo zimewahi kuwemo katika ratiba ya ubingwa wa Afrika. Arusha ina hoteli, na uwanja wa ndege wa Kilimanjaro hauko mbali. Mkaguzi angefurahi. Lakini akipanda huku kwenye mteremko wa Meru angekuta nyumba zimeshikana, kahawa na migomba mpaka ukingo wa barabara, na watoto wakienda shule. Tuseme kweli, hapa si mahali pake. Angeelekea tambarare, upande wa Monduli. Na kule nako kuna wenyewe. Penye vumbi tupu machoni pa mgeni, mfugaji anaona njia ya ng'ombe kwenda majini. Sisi tunaona wafugaji hao waulizwe kabla ramani haijachorwa, si baada.

Tulimsomea mzee wetu makala haya kabla ya kuyatuma. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Wakifunga barabara siku tatu, maziwa ya asubuhi yatashuka mjini kwa njia gani?"

Mama mmoja wa nyuma, anayeuza maziwa hayo, akasema hilo ndilo alilotaka kuuliza na yeye.