Alama za Siku ya Kwanza Hazipimi Ubora wa Kichekesho

Filamu ya vichekesho ikipata asilimia 90 katika tovuti ya Rotten Tomatoes, wengi wetu huamini kwamba imepata alama 90 kwa 100. Sivyo. Asilimia hiyo huonyesha ni wahakiki wangapi walioipenda, si waliipenda kwa kiasi gani. Wahakiki kumi wakiiona ya wastani tu, lakini kila mmoja akasema inafaa kutazamwa, filamu hupata 100. Nyingine iliyowavunja mbavu watano na kuwaudhi watano hupata 50, na pengine hiyo ndiyo yenye ufundi zaidi.

Kipimo cha CinemaScore, kilichoanza Marekani mwaka 1979, huwauliza watazamaji wenyewe. Wanaotoka ukumbini siku ya uzinduzi hujaza kadi na kutoa daraja, kuanzia A+ hadi F. Lakini wanaowahi siku hiyo aghalabu ni mashabiki waliovutwa na tangazo. Daraja lao hueleza kama filamu imetimiza kilichoahidiwa. Kwa wenye kumbi hiyo ni habari muhimu. Kuhusu ubora, ni nusu ya habari.

Vichekesho ndivyo vinavyoathirika zaidi, kwa sababu kicheko huambukiza. Ukumbi uliojaa unaweza kuubeba mzaha dhaifu, na mzaha huo huo ukadoda ukiutazama peke yako. Ufundi hujulikana unaporudia.

Chukua Groundhog Day ya mwaka 1993, iliyoongozwa na Harold Ramis. Bill Murray anaigiza mtangazaji wa hali ya hewa anayeamka saa 12 asubuhi na kukuta siku ni ile ile ya jana. Barabarani anang'ang'aniwa na muuza bima, na katika kumkwepa anatumbukiza mguu kwenye dimbwi la maji baridi. Tunacheka kwa kushtukizwa. Siku inaporudi anatumbukia tena, nasi tumeshaliona dimbwi kabla yake. Baadaye analikwepa, na hapo tunacheka huku tukitambua kuwa mtu huyu ameanza kujifunza. Dimbwi moja limebeba mzaha, tabia na maana ya hadithi nzima.

Mhakiki Roger Ebert aliipa nyota 3 kati ya 4 ilipotoka. Mwaka 2005 aliirudia, akakiri kwamba hakuithamini ipasavyo, akaiingiza katika orodha yake ya filamu kuu. Mwaka uliofuata, Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiweka kwenye rejista ya filamu za kuhifadhiwa. Ikiwa mhakiki mzoefu alihitaji miaka 12, kadi inayojazwa mlangoni itawezaje?

Basi, msomaji, alama zitumie kuchagua pa kupeleka pesa ya tiketi Ijumaa. Hukumu ya ubora iache mpaka utakapoitazama filamu mara ya pili, mizaha yote ukiwa unaijua. Ikikuchekesha bado, na ukaona jambo ambalo mwanzo lilikupita, hiyo ni filamu bora, hata kama mtandao umeipa 50.