Itikadi na Maoni ya Umma Nchini Marekani

Katika majadiliano ya vikundi mara nyingi husikika kauli hii: "Wamarekani wanataka hivi." Kwa mchambuzi wa siasa kauli hiyo haitoshi. Hatuna budi kujiuliza: ni Wamarekani wepi, na matakwa hayo wameyapata wapi?

Dhana iliyozoeleka ni kwamba kila raia ana itikadi kamili, naye hupimia kila jambo. Utafiti umeipinga dhana hiyo. Mwaka 1964 mtaalamu wa siasa Philip Converse alichambua mahojiano ya miaka ya 1956 hadi 1960. Ni sehemu ndogo tu ya wapiga kura waliovipima vyama kwa misingi ya itikadi. Wengi zaidi walitazama maslahi ya kundi lao, au hali ya wakati: vita au amani, neema au ukata. Wengi walipoulizwa tena swali lile lile baada ya miaka miwili, jibu lao lilibadilika.

Ndiyo maana neno lenyewe la swali lina nguvu. Wamarekani wengi husema serikali yao hutumia fedha kidogo mno kuwasaidia maskini. Lakini swali likitumia jina la kawaida la mipango hiyo ya ruzuku, jina lililopakwa matope na wanasiasa kwa miaka mingi, wanaosema hivyo hupungua sana. Maskini ni wale wale. Lililobadilika ni neno.

Tutazame Vita vya Vietnam. Agosti 1964 Baraza la Seneti lilimpa Rais Johnson idhini ya kutumia majeshi, kwa kura 88 dhidi ya 2, kufuatia habari za mashambulizi mawili katika Ghuba ya Tonkin. Shambulio la pili halikutokea. Viongozi wa vyama vyote viwili walisema kwa sauti moja, na umma ukafuata: Agosti 1965, katika kura ya maoni ya Gallup, asilimia 24 tu walisema kupeleka majeshi kulikuwa kosa. Agosti 1968 walifikia asilimia 53. Katikati ya miaka hiyo majeneza yalirudi, vijana waliitwa jeshini kwa lazima, na viongozi wakagawanyika hadharani. Sauti moja ilipovunjika, raia mwenye shaka alipata pa kuegemea.

Kwa hiyo kada asiishie kwenye asilimia. Aulize nani aliuliza, kwa maneno gani, na viongozi walikuwa wakisema nini wakati huo. Wala asidhani kwamba umma ni udongo mikononi mwa mfinyanzi. Propaganda hutangulia, lakini msiba ukibisha hodi mlangoni, mtu hujifunza mwenyewe.