Mafahali Watatu, Zizi Moja

Mtu mwenye mfuko mwepesi akitaka kutengeneza filamu, kinachomtoa jasho kwanza si kamera, ni mahali pa kupigia picha. Kila eneo jipya lina kodi yake, kibali chake, gari la kubebea vyombo, chakula cha wafanyakazi na saa kadhaa za kufunga na kufungua taa. Hadithi inayozunguka maeneo 20 humaliza fedha hata kabla mwigizaji hajafungua kinywa. Ndiyo maana waandishi wa filamu za gharama nafuu hupenda kuwafungia wahusika wao mahali pamoja: lifti iliyokwama, gari lililoharibika njiani, nyumba iliyozingirwa na mafuriko. Na hakuna mahali palipofungika kama seli ya gereza.

Seli ina faida nyingine ambayo lifti haina. Aliyekwama kwenye lifti anajua fundi atakuja. Mfungwa ana miezi au miaka mbele yake, na mwenzake wa kitanda cha juu hakumchagua yeye. Uraiani, watu wasioivana huachana: mmoja huhama mtaa, mwingine hubadili njia ya kwenda kazini. Gerezani hakuna kuhama. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Mwandishi wa vichekesho vya seli huwaingiza humo kwa makusudi, akafunga mlango, akasubiri.

Waingereza waliijua siri hiyo mapema. Tamthilia ya runinga ya BBC iitwayo Porridge, iliyorushwa kati ya mwaka 1974 na 1977, ilimweka mwizi mzoefu Fletcher, aliyeigizwa na Ronnie Barker, pamoja na kijana Godber, aliyeigizwa na Richard Beckinsale, ambaye ndiyo kwanza ameonja jela. Mmoja anajua kila ujanja wa humo ndani, mwingine usiku unamtisha. Kuna sehemu moja ambayo karibu yote ni hao wawili tu, mlango umeshafungwa, wanazungumza mpaka usingizi uwachukue. Hakuna anayekimbia, hakuna anayepigwa, na bado watazamaji wengi huihesabu miongoni mwa sehemu bora za tamthilia nzima.

Hollywood ilishika njia nyingine. Stir Crazy ya mwaka 1980, iliyoongozwa na Sidney Poitier, iliwapeleka gerezani Gene Wilder na Richard Pryor kwa kosa la wizi wa benki ambalo hawakulifanya. Humo mna mashindano ya kupanda mafahali mbele ya umati, na mpango wa kutoroka unaofuatwa hatua kwa hatua. Iliingiza zaidi ya dola milioni 100 nchini Marekani. Ni filamu ya kuchekesha kwelikweli, lakini gereza lake ni uwanja mkubwa wa maonyesho. Seli yenyewe ni mahali pa kulala tu.

Filamu ninayotaka tuitazame kwa karibu ilifanya kinyume cha hayo karibu yote. Inaitwa Down by Law. Iliandikwa na kuongozwa na Jim Jarmusch, mzaliwa wa jimbo la Ohio, na ilishindana katika tamasha la Cannes mwaka 1986. Bajeti yake ilikuwa takribani dola milioni 1, kiasi kidogo mno kwa filamu ya Marekani ya wakati huo.

Miaka miwili kabla, Jarmusch alikuwa amejipatia jina kwa Stranger Than Paradise, filamu aliyoianza kwa mabaki ya ukanda aliyopewa na mwongozaji wa Kijerumani Wim Wenders. Nayo ilimletea tuzo ya Cannes ya filamu ya kwanza, Kamera ya Dhahabu. Mtu mwingine angeitumia sifa hiyo kubisha hodi kwenye studio kubwa. Yeye alibaki kwenye filamu huru, yaani filamu ambayo fedha zake hazitoki studio kubwa na uamuzi wa mwisho unabaki kwa aliyeitengeneza. Hata umiliki wa nakala mama za filamu zake amekuwa akiushikilia mwenyewe.

Waigizaji wake wakuu hawakuwa nyota wa sinema. John Lurie alikuwa mpiga saksafoni wa bendi ya Lounge Lizards. Tom Waits alikuwa mwanamuziki mwenye sauti ya mikwaruzo, na nyimbo zake mbili zinaifungua na kuifunga filamu. Roberto Benigni alikuwa mchekeshaji maarufu kwao Italia, lakini Kiingereza chake wakati huo kilikuwa cha kubahatisha.

Hadithi inaanzia mjini New Orleans. Zack, anayeigizwa na Waits, ni mtangazaji wa redio asiyedumu kazini. Mwanamke wake amemchoka na anamtupia vitu nje. Jack, anayeigizwa na Lurie, ni kuwadi anayejiona mjanja wa mji. Kila mmoja anategewa mtego na mtu anayemfahamu. Zack anaahidiwa fedha nono kwa kazi nyepesi ya kuhamisha gari kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine. Polisi wanapomsimamisha, ndani ya buti kuna maiti. Jack anapelekwa hotelini akaonane na mwanamke mpya wa kumfanyia kazi. Aliye kitandani ni mtoto, na polisi wako mlangoni. Wote wawili wanaishia seli moja.

Hapo ndipo filamu inapopunguza mwendo makusudi. Zack hataki kuzungumza. Jack naye hataki kuonekana anamhitaji mtu. Zack anachora mistari ukutani kuhesabu siku, Jack anakereka, wanakunjana. Ukiwatazama vizuri utagundua kwamba hawatofautiani: ni wanaume wawili wenye kiburi kilekile na uvivu uleule, na kila mmoja anaamini kwamba yeye hakustahili kuwa hapo. Ugomvi wao hauna pa kwenda kwa sababu kila mmoja anajiona katika mwenzake. Mwandishi mwingine angeridhika na hao wawili na kuwafanya wapigane kwa dakika 90. Jarmusch anafungua mlango na kumwingiza wa tatu.

Roberto ni Mtaliano mfupi, mchangamfu, mwenye kijitabu alichoandika misemo ya Kiingereza. Tulishamwona kidogo mwanzoni, alipomsalimia Zack mlevi barabarani, akafukuzwa, naye akadhani neno la kufukuzwa ni salamu, akashukuru na kumrudishia vilevile kwa heshima zote. Gerezani anaendelea hivyohivyo. Matusi hayamwingii na ununaji wa wenzake hauoni. Kisha inafichuka kwamba kati ya watatu hao, aliyeua kweli ni yeye: alimrushia mtu mpira wa biliadi katika ugomvi uliotokana na mchezo wa karata. Wawili waliosingiziwa wananung'unika mchana na usiku. Mwenye hatia ndiye anayeamka na furaha.

Ufundi wa mswada umelala hapo. Wengi wakisikia kuhusu wafungwa wasiofanana hufikiria orodha rahisi: mnene na mwembamba, tajiri na maskini, msomi na mhuni. Tofauti za namna hiyo huchekesha kwa dakika tano. Tofauti inayodumu ni ya namna watu wanavyobeba jambo lilelile. Seli ni moja, chakula ni kimoja, ukuta ni mmoja. Zack na Jack wanauona ukuta. Roberto anachukua kitu cha kuchorea, anachora dirisha juu ya ukuta huohuo, kisha anauliza kwa unyenyekevu ipi ni lugha sahihi: kusema anatazama dirisha, au anatazama nje kupitia dirishani. Jack anamjibu kwamba kwa hali yao, atosheke na kutazama dirisha tu. Ni mzaha wa sekunde chache, haukugharimu chochote, na umebeba filamu nzima.

Tazama pia namna filamu inavyopigwa picha. Mpigapicha alikuwa Robby Müller wa Uholanzi, aliyekwisha kupiga Paris, Texas ya Wenders iliyoshinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 1984. Katika vichekesho vingi vya sinema, kamera hurukaruka: uso wa anayesema, kisha uso wa anayesikia, kisha kurudi. Mhariri ndiye anayetuamulia lini tucheke. Müller na Jarmusch mara nyingi wanaiweka kamera mbali kidogo, ikatulia, na watu wote watatu wakaonekana kwa pamoja. Roberto anaropoka upande mmoja, Jack anakunja uso upande mwingine, Zack amelala akijifanya hasikii. Jicho lako ndilo linalochagua pa kutazama. Kicheko kinatokana na kile kimya kirefu kabla mmoja hajajibu, na kama kamera ingerukaruka, kimya hicho kisingekuwapo. Mbinu hiyo inataka waigizaji walioshika vizuri mwendo wa mazungumzo, na huenda hapo ndipo kuwachukua wanamuziki kulipolipa.

Picha ni nyeusi na nyeupe. Kwa maoni yangu, uamuzi huo uliiokoa filamu isigeuke tangazo la utalii. New Orleans na vinamasi vya Louisiana vina rangi za kumvuta mtazamaji akasahau hadithi. Zikiondolewa, kinachobaki ni umbo: nyumba zenye vibaraza, nondo, shina la mti majini, uso wa mtu.

Katikati ya filamu lipo tukio ambalo wengi hulikumbuka kuliko mengine. Roberto anaanzisha kibwagizo cha kitoto kuhusu aiskrimu. Mwanzoni wenzake wanamsikiliza tu, kisha wanajiunga, wanazunguka humo selini wakiimba kwa sauti inayozidi kupanda, na seli za jirani zinaitikia mpaka gereza lote linanguruma. Kwa mtazamo wa fedha, hao ni watu watatu katika chumba kimoja pamoja na sauti za watu wasioonekana. Kwa mtazamo wa mtazamaji, ni ghasia za gereza zima. Sauti ni rafiki mkubwa wa bajeti ndogo, kwani sikio huongeza kile ambacho jicho halikuonyeshwa.

Halafu kinakuja kitendo cha ujasiri kuliko vyote. Roberto anawaambia wenzake kwamba amegundua njia ya kutoroka. Picha inayofuata, wanakimbia ndani ya mtaro. Hatuonyeshwi walivyotoka, ukuta walioupanda, wala askari waliyemzunguka. Tukio ambalo filamu nyingi za gereza hulijengea saa nzima, hapa limerukwa. Kutorosha watu kwenye filamu ni gharama: askari wa kukodi, magari, taa za usiku, watu wa kuigiza hatari. Lakini pengo hilo halisomeki kama umaskini, kwa sababu filamu haikuwahi kutuahidi kutoroka. Ilituahidi watu watatu wasiopatana, na mara tu baada ya mtaro inaturudishia walewale, safari hii kwenye kinamasi, wamepotea, wanaogopa mbwa na maji, na bado wanagombana.

Usiku wanaingia kwenye kibanda. Ndani mna vitanda vya ngazi, vimepangwa kama vya seli waliyoikimbia. Kuta zimekwisha, uhusiano wao umebaki ulivyokuwa. Zack na Jack wanakosana, kila mmoja anashika njia yake, kisha njaa na kiza vinawarudisha kwa Roberto, ambaye ameshamkamata sungura na anamchoma. Baadaye Roberto anaingia kwenye mgahawa wa pembeni mwa barabara, anakutana na mwanamke wa Kiitaliano anayeigizwa na Nicoletta Braschi, aliyekuja kuwa mke wake hata nje ya sinema, na anaamua kubaki. Wawili wengine wanafika njiapanda, wanabadilishana makoti, na kila mmoja anakwenda upande wake bila kukumbatiana wala kukiri urafiki.

Filamu ina udhaifu wake. Sehemu ya kwanza, kabla ya gereza, inavuta miguu, na asiyezoea mwendo huo anaweza kuizima kabla Benigni hajaingia selini. Wanawake wanapewa nafasi ndogo mno, na hadithi ya Nicoletta inatulia kwa urahisi wa kutiliwa shaka. Sokoni nako haikutikisa: nchini Marekani iliingiza takribani dola milioni 1.4. Ila kwa filamu iliyotumia takribani milioni 1, hayo si mauzo ya kuaibisha, na jina lake limedumu kuliko nyingi zilizoiacha mbali kwa mapato mwaka huo. Benigni mwenyewe alikuja kushinda Oscar ya mwigizaji bora mwaka 1999 kwa Life Is Beautiful.

Kwa vijana wanaoandika mswada leo wakiwa na kamera ya kuazima na chumba kimoja, neno langu ni hili. Msianze kwa kuorodhesha mnachokosa. Chukueni wahusika wawili au watatu, mjue kila mmoja anavyoubeba mzigo uleule, muwafungie pamoja, kisha muulize kila tukio la gharama: hadithi ikilikosa, itaanguka? Kama haianguki, lirukeni bila kuomba radhi. Na wewe mtazamaji, ukiipata Down by Law, ivumilie sehemu ya kwanza. Baada ya hapo, Roberto atakubeba mpaka mwisho.