Hadoop na Spark zikigoma kuwaka kwenye kompyuta yako, anzia hapa

Umepakua mamia ya megabaiti kwa bando lako mwenyewe. Umefuata maelekezo hatua kwa hatua, ukabonyeza Enter, halafu kioo kikajaa mistari hamsini ya maandishi usiyoyaelewa. Wanafunzi wengi huishia hapo, wakajiambia kwamba mambo ya data kubwa si ya watu kama wao. Sivyo kabisa. Makosa haya yana chanzo kinachoeleweka, na ukishakijua, mengi unayatatua mwenyewe.

Kwa nini inasumbua?

Hadoop ilianza mwaka 2006. Mmoja wa waanzilishi wake, Doug Cutting, aliipa jina la tembo wa kuchezea wa mwanawe. Wazo lenyewe lilitokana na makala ambazo Google ilizitoa mwaka 2003 na 2004: data ikizidi uwezo wa kompyuta moja, igawe kwenye kompyuta nyingi. Kwa kawaida Hadoop hukata faili katika vipande vya megabaiti 128 na kuweka nakala tatu za kila kipande kwenye mashine tofauti. Spark, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2009, nayo inagawa kazi kwa mtindo huohuo.

Sasa wewe unaiweka kwenye kompyuta moja. Hapo mashine yako inalazimika kuigiza kundi zima. Kuna NameNode, yaani karani anayeshika daftari la vipande vyote, na kuna DataNode, ghala lenyewe. Wote wanakaa chumba kimoja lakini wanapigiana simu kana kwamba wako miji tofauti. Ndiyo maana makosa mengi ya usakinishaji ni ya aina moja: fulani anamtafuta fulani, hamwoni. Kila ukikwama, jiulize: nani anamtafuta nani, na amemkosa wapi?

Soma ujumbe kabla ya kuugoogle

Mistari inayoanza na neno `at` ni njia tu ambayo programu ilipitia. Shuka chini utafute `Caused by`. Zikiwa kadhaa, ya mwisho kwa kawaida ndiyo kiini. Halafu tofautisha `ERROR` na `WARN`. Onyo la kwamba maktaba ya `native-hadoop` haikupatikana, kwa mfano, halizuii kazi. Liache liende.

Mtuhumiwa wa kwanza: Java

Hadoop na Spark zote zinaendeshwa juu ya Java. Andika `java -version` uone una toleo gani. Toleo jipya kabisa si lazima liwe bora: Spark 3.5 inafanya kazi na Java 8, 11 au 17, wakati Spark 4.0 inataka 17 au 21. Ukikutana na `UnsupportedClassVersionError`, soma namba iliyomo. 52 maana yake Java 8, 55 ni Java 11, na 61 ni Java 17. Ujumbe unakuambia programu iliundwa kwa Java ipi, na yako inaishia wapi.

Kisha kuna `JAVA_HOME`, anwani inayoielekeza Hadoop nyumbani kwa Java. Ielekeze kwenye folda ya Java yenyewe, si kwenye `bin` iliyo ndani yake. Kwenye Windows, nafasi iliyo katikati ya `Program Files` huikata anwani vipande viwili, hivyo ni salama zaidi kuweka Java kwenye folda isiyo na nafasi, kama `C:\java`.

Watumiaji wa Windows

Hadoop ilijengwa ikitegemea mazingira ya aina ya Linux. Kwenye Windows inahitaji msaidizi anayeitwa `winutils.exe`, ambaye hayumo kwenye kifurushi rasmi. Ukiona jina hilo kwenye kosa, basi `HADOOP_HOME` haijawekwa au inaelekea pasipo. Inatakiwa ielekee kwenye folda iliyobeba `bin`, na `winutils.exe` awe ndani ya hiyo `bin`. Ila kumbuka, unapakua faili la kuendeshwa kutoka kwa mtu usiyemjua. Ukiweza, tumia WSL, yaani Linux ndani ya Windows, na tatizo hili halitakuhusu tena.

Hapa kuwa makini: usifute daftari

Ukishaiwasha HDFS, andika `jps`. Unatakiwa kuona NameNode na DataNode. Kama amri ya kuwasha inalalamika kuhusu SSH, maana yake Hadoop inajaribu kuingia kwenye kompyuta yako kama mgeni na imekosa ruhusa. Washa huduma ya SSH na utengeneze ufunguo usiodai nywila.

Mara nyingi jana iliwaka, leo NameNode haionekani. Hadoop isipoelekezwa vingine huhifadhi kila kitu chini ya `/tmp`, na mifumo mingi ya Linux husafisha folda hiyo kompyuta ikizimwa. Badilisha `hadoop.tmp.dir` kwenye `core-site.xml`, uipe folda ya kudumu.

Wengi watakushauri uendeshe tena `hdfs namenode -format`. Amri hiyo inachoma daftari la karani. Mizigo itabaki ghalani, lakini hakuna atakayejua kipi ni cha faili gani. Zaidi ya hapo, karani anapata kitambulisho kipya na ghala linabaki na cha zamani, kwa hiyo DataNode inagoma na kosa la `Incompatible clusterIDs`. Kama data ya utafiti wako iko humo tu, usiiguse amri hiyo kabla ya kuwa na nakala pengine.

Je, unazihitaji zote?

Kama unajifunza na faili lako linakaa kwenye diski ya kawaida, huhitaji HDFS. Spark inasoma faili za kompyuta yako moja kwa moja. Ukiwa na Python, `pip install pyspark` inakuletea Spark yenyewe, na kinachobaki ni Java ya toleo linalokubalika. Anzia hapo, Hadoop ifuate baadaye.

Na unaporekebisha, badilisha kitu kimoja kwa wakati, kiandike, kisha fungua dirisha jipya la amri kabla ya kujaribu. Dirisha la zamani bado linakumbuka anwani za zamani.